Somo wangu yuko kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Waliowahi kuuguza rafiki, tusemezane

Fundi wa Keko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, atarudi usiku.

Mimi ni fundi wa makochi hapa Keko. Nina rafiki ambaye jina langu ndilo jina lake, ndiyo maana tangu enzi za kubebea watu mbao tunaitana somo. Karakana ni moja, mimi nachonga fremu, yeye anavalisha. Kitambaa akikivuta yeye hukioni mkunjo hata ukilala sakafuni na tochi.

Mwaka jana mwezi wa saba alianza kuvimba. Asubuhi uso umejaa, jioni kandambili hazimwingii. Tulimtania kwamba shemeji anampikia vizuri. Kumbe figo zimefeli. Presha alikuwa nayo miaka mingi, vidonge anameza siku kichwa kinamgonga, kikitulia anaweka kabatini. Juu ya hapo mgongo. Sisi tunaopandisha makochi ya watu ghorofa ya nne kwa ngazi, mgongo ndio tunaoutoa kafara, na yeye diklofenaki alikuwa anainunua duka la dawa kama mtu anavyonunua karanga. Daktari alisema presha ndiyo iliyobomoa, zile dawa za maumivu zikasaidia kubomoa.

Tangu hapo ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Masaa manne kwenye mashine ya kusafisha damu, ukijumlisha foleni na bajaji siku imekwisha. Pale alipoanzia ilikuwa zaidi ya 200,000 kila mkupuo. Zidisha mara kumi na mbili mpate mwezi. Bima hakuwa nayo.

Mwezi wa kwanza wa mashine siulalamikii. Kundi la michango lilikuwa na watu 64. Watu walikuja mpaka shemeji akaazima viti vya msiba kwa jirani, jambo ambalo somo alilichukia, akasema "nimeshakufa nini?" Mwezi wa tatu tukabaki kama ishirini. Sasa ni mwezi wa kumi, kundi bado lina watu 58, lakini ni la kutumiana picha za "asubuhi njema". Wanaochangia ni watatu, na mmoja ni mama ntilie anayetuuzia chakula.

Simlaumu mtu. Nimegundua sisi tunajua sana kuuguza ugonjwa wenye mwisho. Malaria, upasuaji, ajali ya bodaboda: tunajaa, tunachanga, mgonjwa anapona au tunamzika, tunarudi kazini. Huu wa somo hauna siku ya kuruhusiwa. Anaruhusiwa mara tatu kwa wiki.

Kwa hiyo mimi niliacha habari ya kuchangisha nikaingia kwenye zamu. Hapa karakana tuko watano. Kila siku ya mashine mmoja anampeleka, mwingine anamfuata. Anayempeleka hakatwi posho ya siku hiyo. Na kazi tulimbadilishia. Walimuunganisha mishipa mkono wa kushoto, ule wanaouchomea sindano za mashine. Ukiugusa unatetema kama nyuki aliyefungiwa kwenye kibiriti, na huo mtetemo ndio uzima wake. Mkono huo haubebi mzigo, haupimwi presha, haulaliwi. Mvutaji wa kitambaa bila mkono wa kushoto ni nini? Tukampa simu ya karakana na futi. Anapokea wateja, anapima vyumba vyao, anakokotoa mita za kitambaa. Tangu aishike yeye hatujawahi kubakiwa na kipande kisicho na kazi.

Sasa niwaambie nililoharibu, maana ndilo limenileta hapa.

Ramadhani iliyopita, Jumapili, nikasema nimpelekee somo futari. Kufunga alishakatazwa, sheikh wetu akamwambia alipe fidia, alishe masikini mmoja kwa kila siku, ikaisha. Lakini nilimwona mnyonge kukaa nje ya jambo la watu wote. Nikabeba viazi vitamu vya nazi, magimbi, maharage, tende, jagi la ukwaju na madafu mawili. Madafu ndiyo niliyojivunia, nilikuwa nimeshaambiwa na mtu kwamba "yanasafisha figo". Tulikula, tulicheka, alikula kama zamani.

Usiku wa manane shemeji ananipigia analia. Somo miguu imekuwa ya uji, hawezi kusimama, moyo unapiga kwa kusuasua. Hospitali wakamwekea nyaya kifuani, wakaangalia karatasi, wakamkimbiza kwenye mashine usiku ule ule. Daktari kijana kabisa akaniuliza alikula nini. Nikaanza kuhesabu vyakula, kila nikitaja kimoja anafumba macho. Kumbe meza nzima niliyobeba ilikuwa imejaa potasiamu, na figo zisizofanya kazi haziitoi. Na Jumapili ndiyo siku mbaya kuliko zote, kwa sababu kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu hajasafishwa.

Alipona. Hajanilaumu hata mara moja, ananitania kwamba nilitaka karakana ibaki na mtu mmoja mwenye jina letu. Lakini shemeji amebadilika. Nikienda ananikaribisha, ananipa maji, chakula ninachobeba anakipokea kwa mikono miwili, na najua hakipiti kizingiti cha jikoni.

Maswali yangu mawili. Kwanza, nyie mliofika mwaka wa pili, wa tatu, mnafanyaje msichoke? Pili, nirudi vipi kwa shemeji?

Pangu Pakavu

Pole mkuu. Hilo la kuruhusiwa mara tatu kwa wiki limenikaa. Naweka mkeka hapa nisome.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Pole fundi. Nimefanya kazi kitengo cha kusafisha damu miaka kadhaa. Ulichofanya wewe tulikuwa tunakipokea kila Ramadhani, kila Krismasi na kila baada ya harusi, hasa usiku wa kuamkia Jumatatu.

Tatizo la hicho chakula ni kwamba kwa mtu mzima wa afya ni chakula bora. Ndiyo maana watu wanakibeba kwa upendo. Ndizi, machungwa, parachichi, mchicha, nyanya, maharage, viazi vya aina zote, tende, ukwaju, madafu. Madafu hayasafishi figo yoyote. Kwa mgonjwa wa mashine ni ya kuogopwa.

Hamtakiwi kumnyima kila kitu. Viazi au magimbi: menya, katakata vipande vidogo, chemsha kwenye maji mengi, mwaga maji, tia mengine, chemsha tena, mwaga. Sehemu kubwa ya potasiamu inaondoka na maji. Anakula kidogo, siyo sahani. Wali mweupe hauna shida sana, ugali wa sembe ni afadhali kuliko wa dona. Kabichi iliyochemshwa, kipande cha nanasi, tofaa. Ile chumvi inayouzwa kwamba ni nzuri kwa wenye presha, kaeni nayo mbali, nyingine imetengenezwa kwa hiyo hiyo potasiamu.

Kitu ambacho ndugu wengi wanakosea upande wa pili: wanamkataza nyama, samaki na mayai. Huko ni kabla ya kuanza mashine. Akishaanza, mashine inamwondolea protini pia, anahitaji zaidi. Mpeni samaki, mpeni kuku, mpeni ute wa yai. Siyo samaki wa chumvi, na dagaa wakavu wasizidi.

Maji. Wengi tuliwahesabia mkojo aliotoa jana kuongeza nusu lita, basi. Uji ni maji. Mchuzi ni maji. Barafu ni maji. Daktari wake ndiye mwenye kipimo chake, msichukue changu.

Halafu jifunze mambo ya kukimbia naye bila kusubiri zamu: homa na kutetemeka, hasa kwa wale ambao bado wana mpira wa mashine shingoni, pumzi kubana akilala chali, udhaifu wa miguu kama ule ulioona, na mkono ule ukiacha kutetema. Hilo la mwisho watu hulala nalo mpaka asubuhi, na mshipa unakuwa umeziba.

Tabibu Asilia

Poleni. Msikate tamaa, figo zinarudi. Kuna mizizi ya aina tatu inachemshwa, mgonjwa anakunywa lita moja asubuhi lita moja jioni kwa siku 21. Nimetibu wengi tu. Njoo pembeni nikupe maelekezo.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Lita mbili kwa siku, kwa mtu asiyekojoa. Hata kama hiyo mizizi ingekuwa maji ya kisima matupu, siku ya tatu mapafu yamejaa. Fundi, usiende huko pembeni.

Pangu Pakavu

Tabibu, na wewe siku 21 zinatoka wapi kila dawa? Kila ugonjwa siku 21, hata kuku anaatamia siku hizo hizo.

Binti wa Jumanne

Nimesajili akaunti kwa ajili ya uzi huu, nilikuwa msomaji tu.

Mimi siyo muuguzaji, mimi ndiye muuguzwa. Siku zangu ni Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, mwaka wa nne sasa. Fundi, rafiki yako ana bahati, na sisemi hivyo kwa sababu ya kumpeleka na bajaji. Ni ile simu na futi. Mimi nilikuwa nashona. Nilipougua wateja wangu walinionea huruma, wakapeleka vitambaa kwingine ili "nipumzike". Nilipumzishwa mpaka nikakosa hata mia ya vocha.

Nitakwambia mambo ambayo wenzangu kwenye viti tunayasema tukiwa wenyewe.

Siku ya mashine, jioni, usipige simu. Nikitoka pale presha imeshuka, misuli ya miguu inakaza, kichwa kama nimeshuka kwenye meli. Watu hupiga jioni hiyo kwa sababu wanajua ni siku ya mashine, wanaona ndiyo siku ya kujali. Mimi napokea kwa adabu, nasema "namshukuru Mungu", halafu natapika. Nipigie kesho yake saa nne asubuhi. Hapo mimi ni mtu.

Usiniambie nimepungua. Usiniambie nimenenepa pia, maana kunenepa kwangu ni maji. Usinihadithie jirani yenu aliyekuwa na figo. Huwa mnaanza vizuri, katikati mnakumbuka mwisho wake, mnameza maneno, na mimi ninabaki natazama mnavyohangaika kutafuta njia ya kutokea.

Njoo na umbea. Kweli kabisa. Masaa manne ni marefu. Kuna shoga yangu mmoja, tulisoma naye Tanga, kila Jumamosi ananitumia sauti za dakika kumi na tano kuhusu watu wa mtaani kwake ambao siwajui hata kwa sura. Nani kahamia kwa nani, nani kakopa kikoba kakimbia. Ninawajua sasa kuliko ndugu zangu. Wiki moja hakutuma nikamgombeza.

Na kiu, watu hawaielewi. Mimi ninaota maji. Kilichonisaidia ni kikombe cha kahawa, vile vidogo vya kina babu wa bao. Nilipima kwa bomba la sindano, changu kinachukua mililita 60. Asubuhi napanga kwenye sinia vikombe vyangu vyote vya siku. Nikinywa kimoja nakipindua. Wageni wakija nyumbani wanadhani nauza kahawa. Mmoja wa rafiki zangu akija naye anakunywa kwa kikombe hicho hicho, hajawahi kuniambia kwa nini, na mimi sijamuuliza.

La mwisho, halafu niache kuandika maana mkono umechoka. Pale kwenye viti, siku ukikuta jirani yako kabadilika, hatuulizi. Tunamkaribisha mgeni, tunamwonyesha swichi ya feni iko wapi. Kwa hiyo rafiki yako akirudi siku moja kanyamaza, usimtafutie sababu. Kaa naye tu.

Fundi wa Keko

Dada, nimesoma hapa karakana nikajifanya vumbi la mbao limeniingia machoni. Ahsante. Hilo la kupiga simu jioni ndilo hasa tulilokuwa tunafanya, tena kwa zamu.

Nesi, nimenakili yote kwenye daftari la vipimo. Nimemuuliza kuhusu mpira wa shingoni, alitolewa mwezi wa tatu wa matibabu, mkono ulipokomaa.

Kuhusu shemeji bado.

Mvuvi wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mie nilimuuguza rafiki yangu miaka miwili na nusu, twavua naye ngalawa moja. Mola amrehemu.

Huku kwetu bima ilikuwa ikilipa mara mbili kwa wiki. Zamani NHIF, bima ya afya ya serikali huku Kenya, na tangu Oktoba 2024 ni SHA iliyochukua nafasi yake. Daktari akisema mara tatu, kadi ikisema mara mbili. Hiyo ya tatu ndiyo ilotuua. Wiki tukipata pesa alikwenda mara tatu, wiki samaki wakikosekana mara mbili, na ukimtazama usoni Jumatatu wajua wiki iliyopita bahari ilikuwaje.

Sasa swali lako la shemeji, nakujibu kwa kosa langu. Mimi na wenzangu tulimchukua yule mtu tukawa ni wetu. Sisi twampeleka, sisi twazungumza na daktari, sisi twashika karatasi zake za hospitali kwenye mfuko wa nailoni ndani ya ngalawa. Mkewe aliambiwa "usijali, sisi tupo". Alikaa nyumbani akingoja habari za mumewe kutoka kwa wavuvi. Siku moja kule hospitali aliulizwa swali dogo tu, mumeo uzito wake mkavu ni ngapi, yaani ule uzito anaotakiwa kubaki nao maji yakishatolewa. Hakujua. Mimi nilijua. Alinitazama jicho ambalo hata leo nikivuka feri naliona.

Fundi, hizo futari siyo kosa lako kubwa. Uliza ni nani anayejua vipimo vya somo wako, wewe ama mkewe. Uliza ni nani aloambiwa kwanza habari ya mkono. Pengine mama wa watu ana mengi ya kukukasirikia, madafu yalimpa tu pa kuanzia.

Kichwa Ngumu

Mnazunguka sana. Mashine siyo tiba, ni kuahirisha. Upandikizaji unafanyika hapa hapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018. Siyo lazima India tena. Mtu ana figo mbili, moja inatosha. Fundi unampenda somo wako kweli? Mpe moja, ufunge uzi.

Pangu Pakavu

Figo siyo spea ya Gerezani, mkuu.

Fundi wa Keko

Kichwa Ngumu, sikutaka kuliandika hili ila umeuliza.

Nilishajitolea. Mwezi wa pili tu. Sikumwambia mke wangu, nalo hilo lilikuwa na kesi yake, siku nyingine. Nikaenda kuulizia. Kwanza walitaka kujua uhusiano wetu ni upi. Nikasema ni somo wangu. Yule mama wa mapokezi akaandika kitu, akaniambia figo haiuzwi baba, wao huanza na ndugu wa damu, ila keti tukupime presha.

Ilikuwa 170 kwa 105. Wakanikalisha nusu saa, wakapima tena, 168. Akaniuliza naumwa kichwa? Siumwi. Naona maruweruwe? Sioni. Nina miaka 46, sijawahi kupima presha tangu nizaliwe.

Nilikwenda kutoa figo nikarudi na vidonge vya presha. Mpaka leo nameza, kila siku, kichwa kiume kisiume. Somo nilipomwambia alicheka mpaka shemeji akaja kuangalia. Akasema, "Basi nimekwisha kukupa wewe ya kwako." Baada ya hapo tuliwapima wote watano wa karakana. Kijana wetu wa kupiga msasa, miaka 29, naye anayo.

Ndugu zake wa damu wawili wamepima. Mmoja kundi la damu limekataa. Mwingine vipimo vinaendelea, na hilo ni la familia, silisemi zaidi hapa.

Kichwa Ngumu

Nimekuelewa mkuu. Samahani kwa nilivyoandika. Kesho napita duka la dawa nipime.

Msafiri wa Muskati

Mimi niko mbali, Omani, mwaka wa sita. Rafiki yangu yuko Temeke, ni saratani siyo figo, lakini nimeona niseme jambo moja kwa waliopo nje kama mimi.

Nilikuwa natuma pesa kila nikipata mshahara. Pesa ikifika inakuta shule haijalipwa, kodi haijalipwa, na mgonjwa ana haya ya kusema hii ni ya dawa. Siwezi kumlaumu, ni nyumba yake. Nikamtafuta dereva bajaji wa mtaani kwao, tukakubaliana mwezi mzima, mimi namlipa yeye moja kwa moja. Siku za kwenda Ocean Road anapiga honi mlangoni, rafiki yangu akitaka asitake. Ikawa hakuna tena siku ya kukosa mionzi kwa sababu ya nauli. Na dereva kawa ndiye mwandishi wangu wa habari. "Leo kapanda mwenyewe." "Leo nimembeba." Mgonjwa akinipigia ananiambia hajambo, dereva ananiambia kweli.

Karani wa Mtaa

Nichangie upande wa karatasi, maana ndiko kazi yangu iliko.

Fundi, hujataja ustawi wa jamii. Hospitali za serikali zina ofisi hiyo, na watu wanaipita mlangoni kila siku wakidhani ni ya watoto waliotupwa. Mgonjwa asiyeweza kulipa anafanyiwa tathmini, anaweza kupata msamaha wa sehemu au wote. Wanahitaji barua ya serikali ya mtaa, na mtu wa kujieleza. Mgonjwa mwenyewe kujieleza ni kazi, anaona haya, anavaa shati lake zuri kwenda kuomba msamaha wa umasikini, wanamtazama, wanamkatalia. Hapa ndipo rafiki anafaa kuliko ndugu. Nenda naye, sema wewe. Na barua isiwe "ni mkazi wangu ninayemfahamu" peke yake, iandikwe kazi yake, kipato, wategemezi.

Kuhusu bima, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwa mafundi wenzako ambao bado ni wazima, msisubiri kuvimba miguu ndipo muulizie.

Binti wa Jumanne

Karani kasema kweli. Mimi nilikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya hereni.

Fundi wa Keko

Wakuu, narudi na majibu. Ni wiki mbili sasa.

Ustawi wa jamii nilikwenda naye, nikasema mimi. Tumepata punguzo, siyo lote. Somo alivaa shati la kazini lenye gundi, kwa shinikizo langu, akanuna njia nzima.

Shemeji. Mvuvi, ulinikata maini. Nilikaa nikahesabu: karatasi za somo ziko droo ya karakana. Namba ya nesi iko kwenye simu yangu. Uzito mkavu naujua mimi. Siku daktari aliposema mkono umekomaa nilikuwepo mimi, shemeji aliambiwa jioni, tena na mimi, kwa simu, nikiwa kwenye daladala.

Nikachukua karatasi zote nikazifunga kwenye bahasha, nikaenda Alhamisi asubuhi, siku isiyo ya mashine. Mikono mitupu, sikubeba chochote cha kula. Nikamwambia shemeji, hizi ni zako, zilipotea njia. Hakusema kitu. Akazifungua moja moja pale mkekani, akauliza hii ni nini, hii ni nini, kama saa nzima. Somo alikuwa anajifanya kalala.

Sasa zamu anapanga yeye. Jumatatu anakwenda yeye mwenyewe, maana ndiyo siku ya maji mengi na ndiyo siku anayoiogopa. Sisi tunachukua Jumatano na Ijumaa, na mmoja wetu Jumatatu anakaa na watoto na kuwapeleka shule. Sikujua kabisa kwamba watoto walikuwa wanachelewa siku zile.

Nilimsomea sehemu za uzi huu, nikaruka pale kwa dada aliposema kuhusu viti, ila aliniomba simu akasoma mwenyewe. Vikombe vya kahawa amevinunua Jumamosi.

Jana, Jumapili, shemeji kanipigia saa tano asubuhi akaniambia nije nile. Viazi vitamu, vilivyochemshwa na kumwagwa maji mara mbili, vipande vinne kila mtu, na samaki. Somo ananiagiza niwaandikie neno kwa nesi, nami nalileta kama lilivyo: anasema viazi hivyo havina ladha hata ya viazi, ni kama kutafuna sponji ya kochi, na yeye sponji anazijua.